Hodi Kwenye Mwamba wa Karatasi

Mwamba ule ulikuwa wa karatasi, lakini katika shimo lake mojawapo alikaa mwenyeji wa kweli. Hili lisemwe mapema, asije mtu akadhani amefichwa. Alikuwa konokono wa bahari, urefu wake kama kidole cha kati cha mtu mzima, gamba limechorwa mistari ya kahawia mfano wa wavu. Ndani ya gamba hilo alikuwa na mshale mwembamba kuliko sindano, na sumu ya kumlaza mtu mzima asiamke, sembuse mtoto wa darasa la nne. Watoto hawakulijua hilo. Mwalimu wao hakulijua. Na mtoto aliyemweka pale alijua jambo moja tu, kwamba amempa nyumba kiumbe asiyekuwa nayo, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa.

Mwalimu mwenyewe shule nzima ilimwita Mama Vidole. Alikuwa akifundisha sanaa pale tangu baadhi ya walimu wenzake wakiwa bado wanafutwa kamasi. Mfupi, mnene kiasi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu, na aproni ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Jina la Vidole alilipata kwa sheria yake moja: mkono kwanza, jicho baadaye. Mtoto hakuruhusiwa kuchora kitu ambacho hajakishika akiwa amefumba macho. Ukitaka kuchora embe, unafumba macho, unapewa embe, unalipapasa mpaka mkono useme nimelijua. Ndipo unapewa penseli. Mtoto aliyechungulia alirudishwa nyuma ya foleni, na akichungulia tena alipewa kazi ya kuosha brashi za wenzake.

Sheria hiyo aliirithi kwa mama yake, fundi cherehani aliyepoteza macho akiwa bado ana watoto wa kulisha. Bibi yule hakuacha kazi. Alikijua kitambaa kwa ncha za vidole, akajua kipi kitatoa rangi na kipi kitapasuka kwapani, na wateja waliokuja kumwonea huruma waliondoka wameshonewa vizuri kuliko walivyozoea. "Jicho linadanganywa na rangi," alimwambia bintiye. "Mkono haudanganyiki." Binti akalishika neno hilo akalizeekea. Ni neno zuri, nalo limewatoa wachoraji wazuri darasani mwake. Lakini mkono nao una ujinga wake, maana hauwezi kutofautisha kilichokufa na kilichojificha.

Muhula ule zamu ilifika ya kusoma makazi ya viumbe wa matumbawe. Mwalimu wa Sayansi, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za mvua, alitaka kulimaliza kwa chaki na ubao. Mwalimu mkuu akakataa. Alitaka kitu cha kuwaonyesha wazazi siku ya maonyesho, si maelezo ubaoni. Basi kazi ikagawanywa: Sayansi ataje majina ya viumbe, Mama Vidole ajenge mtaa wao.

Naye alijenga hasa. Darasa zima lilikusanya makopo, chupa, waya na magazeti ya zamani. Magazeti yakachanwa vipande, yakalowekwa katika uji wa unga wa ngano, yakabandikwa tabaka juu ya tabaka mpaka kona ya dirishani ikajaa mwamba uliofika kifuani mwa mtoto. Waliupaka zambarau, waliupaka rangi ya machungwa, waliupaka kijani cha mwani. Kwa muda wa wiki kadhaa chumba kilinuka uji uliochacha, na mwalimu wa darasa la jirani akawa anafunga dirisha lake kwa kishindo ili ujumbe ufike.

"Watu wanadhani matumbawe ni mawe," Mama Vidole aliwaambia watoto, mikono imejaa gundi mpaka kwenye viwiko. "Si mawe. Ni mtaa. Kila shimo lina mwenyewe. Kaa ana lake, pweza ana lake, mkunga, yule samaki kama nyoka, ana lake. Ukibomoa shimo moja umemlaza mtu nje."

"Na kodi wanamlipa nani, Mwalimu?"

Huyo alikuwa Redio. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Alikuwa binti mdogo, mwembamba, kichwa kimesukwa kila wiki mtindo mpya kwa kuwa mama yake alikuwa msusi. Mdomo huo aliuokota saluni, wanakokaa watu na kuongea toka asubuhi mpaka jioni. Aliongea akichora, akila, na inasemekana aliongea usingizini. Mama Vidole alikuwa amemwambia "nyamaza, mwanangu" mara nyingi hata maneno hayo yakawa kama sehemu ya salamu zao.

"Wanamlipa papa," alisema Mama Vidole. "Asiyelipa analiwa. Nyamaza, mwanangu, shika brashi."

Walicheka wote. Kisha akawafundisha mchezo alioubuni mwenyewe, na ndio uliokuja kuwaliza. Kila mtoto alipewa shimo lake katika mwamba. Ndani yake angetengeneza nyumba ya kiumbe wake jinsi inavyopaswa kuwa: ya kaa iwe na kokoto, ya pweza iwe na makombe mlangoni, ya samaki mdogo iwe na vijiti laini vya sifongo. Nyumba ikiisha, jirani anakuja na kubisha. Anafumba macho, anasema, "Hodi!" Mwenye shimo anajibu, "Karibu!" Hapo mgeni anaingiza mkono, anapapasa, na kwa kupapasa tu anataja ni nani anaishi humo. Akipatia, anapigiwa makofi. Watoto waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Wakawa wanabisha hodi hata kwenye mikoba ya wenzao.

Siku ya Jumatatu Mama Vidole aliwataka waje na kitu chochote cha kweli kutoka baharini, wakishike kabla ya kukichora. Vikaja vipande vya matumbawe yaliyokauka, makombe, mifupa ya samaki iliyotoka jikoni, na kiti cha pweza, yule wa mikono mitano kama nyota, kilichonuka mpaka kikatolewa nje. Mtoto mmoja alileta kopo la siagi lililojaa mchanga na maji ya chumvi, kifuniko kimetobolewa kwa msumari. Huyu ndiye Kobe. Aliitwa hivyo kwa kuwa kila jambo alilifanya polepole na kulimaliza. Jumapili alikuwa amefuatana na bibi yake kuokota kombe maji yalipokupwa, na bibi alipoinama kwingine, mjukuu akaona kitu kizuri chini ya jiwe, akakitia koponi mwake bila kusema.

Mama Vidole alifumba macho, akanyoosha kiganja. Kobe akamwekea konokono yule. Alikuwa baridi, laini kama kikombe cha kaure, mzito kuliko alivyomtazamia.

"Ah!" alisema Mama Vidole. "Huyu ni mzuri kuliko wote. Mpitishe, wenzako wamjue."

Akapitishwa. Kutoka kiganja hadi kiganja, watoto wamefumba macho, wakampapasa mgongo, wakamgeuza tumbo, wakapitisha ncha ya kidole kwenye ufa ule mwembamba wa upande mmoja. Mmoja alimweka shavuni. Konokono alikuwa amejikunja ndani kabisa, mlango amefunga, akingoja kelele zipite. Hakumgusa mtu. Hilo ndilo jambo ambalo Mama Vidole baadaye hakuweza kulifikiria akiwa amekaa peke yake, ikabidi asimame atembee.

Aliporudishwa koponi, majini, konokono akatulia. Baadaye Kobe, aliyekuwa amekaa naye na karatasi yake, akainua mkono.

"Mwalimu, huyu ana mdomo mrefu. Ametoa kitu kama mrija."

Wakati huohuo Redio alikuwa anamsimulia jirani yake habari ya mteja wa mama yake aliyenyolewa upande mmoja umeme ukakatika. Kicheko kilikuwa kimeshika nusu ya darasa. Mama Vidole alikuwa amewageukia wao, akisema hataki kuisikia habari hiyo.

"Vizuri sana," alimjibu Kobe bila kutazama. "Mchore."

Kobe akamchora. Alimchora kama alivyomwona, polepole, mstari kwa mstari, pamoja na ule mrija.

Kesho yake mchana, masomo yalipokaribia kuisha, mwalimu mkuu alituma mtu akitaka michoro michache mizuri ya kubandika mlangoni kwa ajili ya maonyesho. Mama Vidole akakusanya rundo lake. Akawaambia watoto waendelee na hodi, kiranja asimamie, na kelele zisivuke mlango. Akatoka. Chumba cha walimu kilikuwa upande wa pili wa uwanja, si mbali, lakini si karibu kwa mwanamke mwenye magoti kama yake.

Mwalimu wa Sayansi alikuwa peke yake mezani, anasahihisha madaftari na kula karanga. Mama Vidole akamwaga michoro mbele yake kwa majivuno ambayo hakujaribu kuyaficha.

"Hebu tazama, mwanangu. Wewe watoto wako wanajua majina. Wangu wanawajua wenyewe."

Kijana akacheka, akapekua. Akasifu kaa. Akauliza kama mkunga yule ni mkunga au ni soksi. Kisha akafika kwenye mchoro wa Kobe, na mkono wake uliokuwa unakwenda kwenye karanga ukasimama.

"Huyu kachorwa kutoka kitabu gani?"

"Kitabu cha nini? Huku kwangu hakuna vitabu. Tunashika, tunachora."

"Walimshika?" Alikuwa amesimama. "Mama, huu mrija ameuona wapi? Gamba tupu halina mrija. Huyu alikuwa hai."

"Kobe alimleta na maji yake. Darasa zima lilimshika, mimi mwenyewe nilimshika. Ana nini?"

Kijana alimweleza kwa maneno machache, na ni vizuri yalikuwa machache. Kwamba konokono huyo huwinda samaki kwa kuwachoma mshale wa sumu kupitia mrija huo. Kwamba mtu akichomwa, pengine hata hasikii maumivu, anahisi ganzi tu. Ganzi inapanda, ulimi unakuwa mzito, mwisho kifua kinasahau kupumua. Dawa yake haipo popote.

"Yuko wapi sasa?"

Mama Vidole hakujua. Alijua tu kwamba asubuhi ile kopo la siagi halikuwa juu ya dawati la Kobe, naye alifurahi akidhani mtoto amelirudisha nyumbani. Alikuwa hajakimbia tangu mwanawe wa mwisho alipojifunza kutembea. Uwanja ule aliuvuka aproni ikimpiga magotini na miwani ikimrukia kidevuni, Sayansi mbele yake kwa hatua ndefu, na kutoka dirisha la darasa lake zikimjia sauti za watoto, nzuri, za furaha, zikipokezana: "Hodi!" "Karibu!" "Hodi!" "Karibu!"

Walipofika mlangoni, kijana alitaka kupiga kelele. Mama Vidole akamvuta shati. Watoto walikuwa wameuzunguka mwamba, karibu kila mmoja mkono wake umezama shimoni na macho yamefumbwa, nyuso zimeinuliwa juu kwa umakini, kama alivyowafundisha. Mtoto akishtuka hukunja ngumi. Alijua hilo.

"Wanangu," alisema, na sauti yake ilitoka ya kawaida, hata mwenyewe aliistaajabia. "Mchezo umekwisha. Toeni mikono polepole. Polepole, kama mnaotoa yai. Kisha kila mtu arudi nyuma mpaka ukutani."

Mikono ikatoka. Watoto wakarudi nyuma, wakitazamana.

"Kobe. Yule mgeni wako uko naye wapi?"

Kobe akatabasamu. Alikuwa akingoja kuulizwa. "Nimempa nyumba, Mwalimu. Ulisema asiye na shimo amelala nje. Nimetia kopo lake ndani na maji na mchanga, nikafunika na mwani."

"Shimo gani?"

Akanyoosha kidole chini kabisa, upande wa kivuli, pale mwamba ulipokutana na sakafu. Mbele ya shimo hilo Redio alikuwa bado amepiga magoti. Amri ya kutoa mkono aliisikia, lakini Redio na amri walikuwa wanafahamiana kwa mbali tu. Mkono wake ulikuwa ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Ngoja kidogo, Mwalimu, nakaribia kupatia. Huyu ana maji! Kobe kaweka maji ya kweli, huo si wizi huo? Kuna mchanga, halafu kuna kitu laini kama…" Akanyamaza kidogo. "Hee. Kimenigusa."

Sayansi alikuwa amekwisha mfikia. Alimshika bega akauvuta mkono nje taratibu. Ulitoka umelowa, na mchanga kwenye kucha. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na nukta nyekundu ndogo, ambayo mama yeyote angeifuta kwa mate akaisahau.

"Inauma?" Mama Vidole aliuliza.

"Haiumi hata kidogo," alisema Redio. "Inawashawasha tu. Mwalimu, ni konokono, sivyo? Nimepatia. Mbona hawanipigii makofi?"

Hakuna aliyepiga makofi. Kobe alitazama uso wa mwalimu wake, na tabasamu likamtoka usoni kidogokidogo.

Gari la mwalimu mkuu ndilo lililokuwa karibu. Sayansi alishika usukani. Kabla ya kuondoka alikuwa ameufunga mkono wa mtoto kwa vitambaa vya kufutia brashi, kuanzia vidoleni mpaka begani, akamkataza asiutikise. Mama Vidole alikaa kiti cha nyuma na Redio amelala mapajani mwake. Hospitali haikuwa mbali, lakini wakati ule kila mtu mwenye gari alikuwa ameamua kulitoa barabarani. Sayansi alipiga honi mfululizo. Watu walimtukana kwa moyo wote.

"Mwambie aongee," alisema bila kugeuka. "Asiache. Akianza kubadilika sauti niambie."

Na Mama Vidole, aliyemnyamazisha mtoto huyo mwaka mzima, akainama akamwambia, "Ongea, mwanangu. Niambie habari yoyote. Niambie ya yule mteja aliyenyolewa upande mmoja."

"Ulisema hutaki kuisikia."

"Nilikosea. Naitaka sasa."

Basi Redio akaanza. Alieleza jinsi umeme ulivyokatika, jinsi mteja alivyokuwa na harusi ya dada yake jioni ileile, jinsi mama alivyotafuta mkasi wa mkono uliopotea. Aliigiza sauti ya mteja. Mama Vidole alicheka mahali pa kucheka, huku mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mtoto, ukihesabu. Kwenye mataa ya pili Redio alisema midomo yake imekuwa minene. Kwenye daraja akasema anawaona Sayansi wawili, na wote wana masikio makubwa. Kisha maneno yakaanza kutoka yamelegea, kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

"Ikawaje? Mkasi ukapatikana?"

"U… uka… pati…"

"Wapi? Ukapatikana wapi, mwanangu?"

Redio alimtazama. Macho yalikuwa wazi, yanang'aa, yanajua kila kitu, na mdomo haukujibu. Kope zikashuka nusu, zikakwama pale. Chini ya kiganja cha Mama Vidole kile kifua chembamba kilipanda mara moja, kikashuka, kikapanda kidogo zaidi ya hapo, kikakaa.

"Amenyamaza," alisema Mama Vidole. "Amenyamaza! Hapumui!"

"Mbane pua. Funika mdomo wake kwa wako. Pulizia mpaka kifua kiinuke. Usiache, Mama. Sumu yenyewe haiui, kinachoua ni kukosa pumzi. Ukimpa pumzi anaishi."

Akampa. Alimpulizia njia nzima iliyobaki, kwenye mashimo ya barabara, kwenye kona, meno yake yakigonga meno ya mtoto. Kizunguzungu kilimshika, aproni ikalowa jasho, na kila alipoinua kichwa kuvuta hewa aliogopa kwamba hewa hiyo ndiyo atakayoikosa Redio. Alilia bila kuacha kupuliza. Mlango wa gari ulipofunguliwa na wauguzi wakamchukua mtoto, ilibidi wamwondoe yeye kwanza, kwa kuwa mikono ilikuwa imekataa kuachia.

Walimwingiza Redio mrija kooni, wakamfunga kwenye mashine ya kupumulia. Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, alitoka akawaambia hali ilivyo. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haikuwepo. Mashine itampumulia mpaka mwili uishinde, kama utaishinda; huenda kesho, huenda baadaye, na moyo nao lazima ukubali kungoja. Hakuahidi kitu.

"Jambo moja," aliongeza. "Hawezi kufumbua jicho wala kutikisa kidole, lakini msidhani amelala. Wengi wa namna hii husikia kila kitu. Yuko humo ndani, gizani, peke yake. Mtu akae naye aongee."

Daktari alipoingia ndani, Sayansi alimsogelea Mama Vidole pale ukutani. Shati lake lililokuwa na pasi lilikuwa limegeuka tambara.

"Mama yake yuko njiani," alisema kwa sauti ndogo. "Si lazima kila kitu kisemwe leo. Kobe ndiye aliyemleta yule mdudu, akamficha. Huo ni ukweli. Tuanzie hapo."

Ulikuwa ukweli, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Akilini Mama Vidole alimwona Kobe kule darasani, amesimama ukutani na wenzake, mtoto anayemaliza kila anachoanza, na akaona jinsi atakavyoubeba mzigo huo polepole, mpaka mwisho. Alifungua mlango akaingia chumbani.

Msusi alifika mbio, mafuta ya nywele bado vidoleni, kitana kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe. Muuguzi alikuwa amemweleza mlangoni. Hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe, mrija, mashine, kisha akaja akamshika Mama Vidole mikono yote miwili akaibusu.

"Wameniambia ulimpumulia njia nzima," alisema. "Mwalimu, sina cha kukulipa. Umenizalia mtoto mara ya pili."

Kuna shukrani zinazochoma kuliko tusi. Msusi alikaa upande mmoja wa kitanda, akaanza kuusugua mguu wa mtoto. Alijaribu kuongea naye kama daktari alivyosema, akaita jina la nyumbani mara mbili. Akatikisa kichwa. "Sijui nimwambie nini. Kwetu muongeaji ni yeye. Mwalimu, mwambie wewe kitu. Nyie mmezoea kusema."

Mama Vidole aliinama mpaka mdomo ukakaribia sikio.

"Redio. Ni mimi." Mashine ilivuta, ikatoa. "Uko hospitali, mama yako yuko hapa, anakushika mguu. Usiogope giza, litaondoka. Nina jambo la kukwambia, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Kosa si la Kobe. Kobe aliniambia mnyama wake ana mdomo mrefu, nikamwambia amchore. Sikugeuza hata shingo. Mimi ndiye niliyewapitishia mkononi kitu nisichokijua. Mimi ndiye niliyewafundisha mfumbe macho mwingize mikono gizani, na leo nikatoka nikawaacha mfanye hivyo bila mimi. Ulifanya nilivyokufundisha, mwanangu. Ulifanya vizuri. Mimi ndiye…"

Mikono ya msusi ilikuwa imesimama juu ya mguu wa mtoto. Mama Vidole aliinua macho akaona uso uliokuwa ukimshukuru muda mfupi uliopita, na hakuona shukrani tena pale wala kitu kingine alichoweza kukipa jina. Chumbani ikabaki mashine peke yake, ikivuta, ikitoa.

Kisha msusi akaanza tena kuusugua mguu, taratibu, bila kuondoa macho kwake.

"Mbona umenyamaza?" alisema. "Anasikia. Ukinyamaza sasa ataogopa. Endelea kuongea naye, na usiache. Mimi na wewe tutaongea akiamka."